Kompyuta ya parokia na ulinzi wa Linux: pa kuanzia

Jumamosi ya kwanza ya kundi letu la watumiaji wa Linux hapa seminarini walikuja watu kumi na wawili: mafrateri saba, walimu wawili wa shule ya msingi ya jirani, kijana mmoja wa kwaya na makatibu wawili wa parokia. Mmoja wa makatibu hao, mama mtu mzima aliyekaa ofisini miaka mingi, alikuja na kompyuta mpakato ya parokia yake. Tulikuwa tumemwekea Ubuntu miezi michache nyuma. Tulipomwambia kwamba siku hiyo tungezungumzia ulinzi, alicheka.

"Wanangu, si mlisema hii ni Linux, virusi haviingii? Mimi nimekuja kujifunza kuchapa bahasha."

Frateri mmoja akamwomba ruhusa ya kujaribu jambo moja. Mama akakubali. Frateri akazima kompyuta, akachomeka flashi yenye Ubuntu, akaiwasha tena kwa kutumia flashi ile badala ya diski ya ndani. Hakuulizwa nywila yoyote. Akafungua diski, akaingia folda ya mama, akafungua daftari la ubatizo la parokia nzima: majina ya watoto, tarehe za kuzaliwa, wazazi, wasimamizi, na zile safu za pembeni zinazoandikwa kipaimara na ndoa. Hazikupita dakika tano. Hatukuonyesha ukutani, tulimgeuzia mama skrini yeye peke yake.

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kwa hiyo nywila ninayoandika kila asubuhi ilikuwa ya nini?"

Ni swali zuri kuliko yote tuliyokuwa tumeandaa, nasi tukaacha maandalizi yetu tukalifuata lile. Tunaandika hapa tuliyoyasema siku ile na Jumamosi zilizofuata, kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Si kwa wataalamu. Ni kwa frateri aliyepewa kompyuta ya msaada, na kwa mwamini aliyeachiwa ofisi ya jumuiya pamoja na mashine yake.

Kwanza tuiondoe ile habari ya virusi. Linux ni kiini cha mfumo endeshi kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki, Finland. Juu ya kiini hicho watu hujenga mifumo kamili: Debian, Ubuntu, Linux Mint, Fedora na mingine. Wengi wetu tumeingia huku karibuni kwa sababu ya kawaida kabisa: Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi kuukuu za ofisi zetu hazikidhi masharti ya Windows 11. Ni kweli virusi vinavyosambaa kwa flashi kutoka steshenari moja hadi nyingine huandikwa kwa ajili ya Windows, na vikifika kwenye Linux hubaki faili zisizo na kazi. Lakini seva nyingi zinazobeba tovuti za dunia ni Linux, kwa hiyo wadukuzi wanaifahamu vizuri sana. Hawajaiacha kwa kuiogopa.

Nguvu ya Linux iko katika kugawa madaraka. Ndani ya kila mashine yupo mtumiaji mmoja aitwaye root, na yeye anaweza kila kitu: kufuta diski nzima, kusoma barua za kila mtu, kubadilisha nywila ya yeyote. Watumiaji wengine wote wana mipaka. Unapofanya kazi zako za kila siku huwi root. Ukihitaji kusakinisha programu au kugusa mipangilio ya mfumo, unaanza amri yako na neno `sudo`, mfumo unakuuliza nywila, unapewa madaraka hayo kwa shughuli ile, kisha unarudi ulipokuwa.

Waseminari wanaosoma sheria za Kanisa hawatashangaa. Kanoni ya 487 inataka hifadhi ya nyaraka ya jimbo ifungwe, na ufunguo wawe nao askofu na kansela tu. Haikusemwa hivyo kwa sababu mapadre wengine wote ni wezi. Ni kwamba ufunguo ukiwa mikononi mwa watu thelathini, siku karatasi ikipotea hakuna wa kuulizwa.

Sasa tazameni ofisi zetu. Akaunti ni moja, jina lake "parokia", nywila yake ni jina la somo wa parokia na mwaka. Anaitumia katibu, mhasibu, paroko, vijana wanaokuja kuchapa ratiba ya misa, na yule mwanakwaya anayetafuta nota. Na akaunti hiyo moja ndiyo iliyoundwa wakati Ubuntu inasakinishwa, maana yake ndiyo yenye haki ya kutumia `sudo`. Hapo kugawa madaraka kumekwisha kabla hakujaanza. Dawa ni rahisi na haina gharama. Msimamizi anaongeza akaunti za watu kwa amri hii:

`sudo adduser katibu`

Anarudia kwa mhasibu, na kwa wageni pia anaweka akaunti yao. Haki ya `sudo` inabaki kwa mtu mmoja au wawili waliokubaliwa. Na ukiinuka kwenda kumpokea mgeni, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi L, skrini inajifunga. Tunalisema hili kwa msisitizo kwa sababu ndilo linalosahaulika zaidi.

Watu wakishakuwa na akaunti zao, ruhusa za faili zinaanza kuwa na maana. Kila faili ina mwenyewe, ina kundi, na kisha kuna watu wengine wote. Kwa kila upande kuna ruhusa tatu: kusoma, ambayo hesabu yake ni 4, kuandika, 2, na kuendesha kama programu, 1. Unajumlisha. Daftari la ubatizo linahitaji katibu asome na kuandika, yaani 6. Kundi la ofisi lisome tu, yaani 4. Wengine wasipate kitu, yaani 0. Basi:

`sudo chown katibu:ofisi ubatizo.ods`
`sudo chmod 640 ubatizo.ods`

Amri ya kwanza inaweka mwenyewe na kundi (kundi la `ofisi` linaundwa kwanza kwa `sudo groupadd ofisi`), ya pili inaweka ruhusa. Faili kama hiyo ikae kwenye folda ya pamoja ambayo kundi linaweza kuifikia, kwa sababu kuanzia Ubuntu 21.04 folda binafsi ya mtumiaji mpya haifunguki kwa watumiaji wengine wa kawaida. Kwenye matoleo ya zamani ilikuwa wazi kusomwa na yeyote mwenye akaunti, na wengi hawakujua.

Na hapa tuna manung'uniko yetu. Mtu akikwama kwenye ruhusa, atapata mtandaoni ushauri wa kuandika `chmod 777`. Inafanya kazi, ndiyo. Inafanya kazi kama vile kung'oa mlango kunavyotatua tatizo la ufunguo uliopotea. Nambari ile inamruhusu kila mtumiaji na kila programu kusoma, kuandika na kuendesha. Tumeikuta kwenye folda ya michango ya ujenzi, na aliyeiweka alikuwa mtu mwema aliyekuwa na haraka.

Hilo linatuleta kwenye hatari ambayo sisi tunaiona kubwa kuliko virusi kwa anayeanza: kunakili amri usizozielewa na kuzibandika kwenye terminali. Mfumo hauwezi kukulinda dhidi ya root, na ukiandika `sudo` umeshakuwa root. Kuna mtindo wa kushusha hati kutoka tovuti fulani na kuiendesha papo hapo kwa madaraka yote, kwa mstari mmoja wenye `curl` mwanzoni na `sudo bash` mwishoni. Kanuni ya kundi letu ni kwamba kabla ya kubonyeza Enter, mtu aweze kumweleza jirani yake kila neno la amri linafanya nini. Akishindwa, anaanza na `man`, kwa mfano `man chmod`, au anauliza. Inachosha, na mwanzoni watu hutuona tunawachelewesha.

Programu zichukuliwe kutoka hazina rasmi ya mfumo wenyewe, kwa `apt` au kwa duka la programu lililomo. Vifurushi vya hazina hiyo hulindwa kwa sahihi za kidijitali, na kompyuta huzihakiki bila kukuuliza. Kinachobaki kuhakikiwa na wewe ni ile faili ya kwanza kabisa unayoshusha ili kusakinisha mfumo. Tarehe 20 Februari 2016 wadukuzi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint, wakabadilisha kiungo cha toleo la 17.3 Cinnamon, na walioshusha siku ile wakapata mfumo wenye mlango wa siri ndani yake. Mfumo ulionekana mzuri tu. Kwa hiyo ukimaliza kushusha, andika `sha256sum` ikifuatiwa na jina la faili, kisha linganisha namba ndefu utakayopata na ile iliyochapishwa na wenye mfumo. Ikitofautiana hata herufi moja, futa. Aliyeingia kwenye tovuti anaweza kubadilisha na namba pia, ndiyo maana waliozoea huhakiki sahihi kwa `gpg`. Tutalifanya hilo siku nyingine. Na flashi ya kusakinishia uliyopewa na rafiki, ambaye alipewa na rafiki yake, haina uhakiki wowote.

Mwalimu mmoja aliuliza swali ambalo huulizwa kila tunapokutana: kama msimbo wa Linux uko wazi kwa kila mtu kuusoma, si tumewarahisishia wezi? Tulimjibu kwa kisa cha mwaka 2024. Kuna programu ndogo iitwayo xz, ya kubana mafaili, iliyomo karibu katika kila Linux. Mtu aliyejiita Jia Tan alijitolea kuisaidia kwa zaidi ya miaka miwili, akapata imani ya mwenye programu, kisha akaficha mlango wa siri katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Mhandisi mmoja, Andres Freund, aligundua kwamba kuingia kwenye mashine yake kwa SSH kulichelewa kama nusu sekunde kuliko kawaida. Nusu sekunde! Hakuipuuza. Alichimba mpaka akafika kwenye msimbo ule, akatangaza tarehe 29 Machi 2024, ambayo ilikuwa Ijumaa Kuu. Matoleo yale yalikuwa hayajaingia katika Debian thabiti wala katika mifumo mingi ya kazi. Je, kisa hiki kinaonyesha kwamba uwazi unafaa au haufai? Mwalimu alisema vyote viwili, nasi hatukuwa na jibu bora. Uwazi ulimwezesha Freund kufika kwenye chanzo. Lakini kwa miaka ile yote kazi ya kuilinda xz iliangukia mtu mmoja aliyechoka.

Masasisho ni jambo ambalo hatukuhitaji kulifafanua sana, ila kulitetea. Mwezi Januari 2022 kampuni ya Qualys ilitangaza kasoro katika `pkexec`, programu iliyomo kwenye mifumo mikubwa ya Linux. Mtumiaji wa kawaida aliweza kuitumia kujigeuza root. Kasoro hiyo ilikuwamo tangu mwaka 2009. Ikishatangazwa, kila mtu anaijua, wema na wabaya, na tofauti pekee kati ya kompyuta iliyo salama na isiyo salama ni amri hizi mbili:

`sudo apt update`
`sudo apt upgrade`

Pingamizi tunalolisikia si uvivu, ni bando. Katibu anayenunua data kwa fedha yake hawezi kushusha megabaiti mia tano kila wiki, na hatutamlaumu. Penye kompyuta nyingi, kama maabara ya seminari au shule, ipo programu iitwayo `apt-cacher-ng`: mashine moja inashusha kifurushi mara moja na kuzigawia nyingine kupitia mtandao wa ndani. Sisi tunaitumia. Kwa mwenye kompyuta moja, tunashauri alete mashine kwenye mikutano yetu aisasishe hapa. Na asakinishe toleo la Ubuntu lenye alama ya LTS, ambalo hupata masasisho ya kawaida kwa miaka mitano, asilazimike kuhama kila baada ya miezi tisa.

Kuhusu mtandao tutapita haraka. Kompyuta ya mezani isiyohudumia wengine haihitaji kupokea wageni kutoka nje, kwa hiyo tunawasha fayawoli, yule mlinzi wa getini anayeamua nani aingie. Ubuntu huja nayo ikiwa imelala. `sudo ufw enable` inaiamsha, na kwa kawaida itakataa yote yanayoingia na kuruhusu yanayotoka. Hiyo inatosha.

Mwenye seva ana kazi zaidi. Tulipoweka mashine yetu moja ipatikane kutoka nje, jioni ileile tulisoma `/var/log/auth.log` tukakuta mamia ya majaribio ya kuingia kwa majina kama root, admin na test. Hakuna aliyekuwa na kisa nasi. Ni mashine zinazozunguka zikigonga kila mlango. Mwaka 2016 programu iliyoitwa Mirai iliteka kamera na ruta nyingi sana duniani, vifaa vyenye Linux ndani yake, kwa kujaribu orodha fupi tu ya nywila za kiwandani ambazo wenye vifaa hawakuzibadilisha. Basi anzeni na ruta ya parokia: nywila iliyobandikwa chini yake ibadilishwe. Kwa seva, tumieni funguo za SSH badala ya nywila. Funguo hutengenezwa kwa `ssh-keygen -t ed25519` na kupelekwa kwenye seva kwa `ssh-copy-id`. Zikishafanya kazi ndipo unazima kuingia kwa nywila. Jaribu kwanza katika dirisha la pili kabla hujafunga la kwanza. Mmoja wetu hakufanya hivyo, akajifungia nje ya seva iliyokuwa kilomita nyingi kutoka hapa.

Turudi kwa mama katibu, maana tulimwacha na swali lake.

Nywila yake ya asubuhi inalinda mlango wakati Ubuntu iliyomo ndani ndiyo iliyo macho. Ruhusa, `sudo`, akaunti, vyote hivyo husimamiwa na mfumo huo. Mfumo ukilala na mwingine ukaamshwa kutoka kwenye flashi, diski ni kabati lisilo na kufuli. Kuweka nywila ya kuwashia mashine husaidia kidogo, lakini mwizi mwenye bisibisi ataitoa diski na kuichomeka kwenye kompyuta yake. Kinachozuia hilo ni kusimba diski nzima, yaani kuandika kila kitu kwa fumbo lisilosomeka bila kaulisiri. Kwenye Linux kazi hiyo hufanywa na LUKS, na Ubuntu hukupa chaguo lake wakati wa kusakinisha. Baada ya hapo ni vigumu kuiongeza bila kuanza upya. Sisi tuliomsakinishia hatukulichagua. Kosa lilikuwa letu, tukamwambia hivyo.

Tunalitilia uzito kwa sababu kompyuta za ofisi huibwa, na kilichomo si mali yetu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika hapa Tanzania tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za watoto, na zile zinazoonyesha imani ya dini ya mtu, kuwa taarifa binafsi nyeti. Daftari la ubatizo ni vyote viwili katika mstari mmoja.

Lakini kusimba kuna upande wake mgumu. Kaulisiri ikisahaulika, hakuna fundi mjini wala mtaalamu ng'ambo atakayeifungua. Na katika mazingira yetu kusahau kuna sura yake: paroko anahamishwa, anakabidhi funguo za kanisa, za tabernakulo, za gari na daftari la fedha, na hakuna anayekumbuka kuuliza kaulisiri ya kompyuta. Tumeona parokia ambayo mrithi alikuta mashine nzima imefungwa na mtangulizi wake hapatikani kwa simu. Kwa hiyo kaulisiri iandikwe kwenye karatasi, iwekwe ndani ya bahasha iliyofungwa na kusainiwa, ikae kwenye sefu ya parokia, na itajwe katika hati ya makabidhiano. Wataalamu wengine hukunja uso wakisikia neno karatasi. Karatasi iliyo ndani ya sefu haidukuliwi kutoka nchi nyingine. Kaulisiri yenyewe iwe ndefu: maneno matano au sita yasiyohusiana ni bora kuliko neno moja lililopambwa kwa alama za ajabu, na yasiwe mstari wa sala unaojulikana na kila mtu kanisani.

Nakala ya akiba nayo isimbwe, na isikae kwenye droo ileile ya kompyuta. Mwizi hufungua droo.

Mama katibu aliomba tumsakinishie upya siku ileile. Tulikataa, kwa sababu daftari lake halikuwa na nakala hata moja. Alikwenda akanunua diski ya nje, Jumamosi iliyofuata tukanakili kila kitu, tukafungua nakala hiyo kwenye mashine nyingine kuhakikisha inasomeka, ndipo tukafuta na kuanza upya, safari hii kwa LUKS. Aliandika kaulisiri yake mwenyewe sisi tukiwa tumegeuka. Kisha akatukumbusha kwamba bado hajafundishwa kuchapa bahasha.

Tunakutana kila Jumamosi saa tisa alasiri katika maabara ya kompyuta. Anayetaka kusakinishiwa aje na nakala ya mafaili yake kwenye diski nyingine, chaja, na flashi tupu ya gigabaiti 8 au zaidi. Wanaotoka ofisi za parokia waje na idhini ya paroko, na ikiwezekana waje na paroko mwenyewe.